Ntheo ya Ngano

Jumapili, 2 Septemba 1984

Mbuzi amekufa njiani. Naandika hilo kwanza, kabla hasira haijapoa, ingawa sioni dalili ya kupoa.

Leo ilikuwa ntheo ya Mutindi, binti yangu wa pekee. Kwetu Ukambani mwanamume anaweza kutoa ng'ombe mpaka azeeke, lakini bila ntheo hana mke. Lazima mbuzi aletwe nyumbani kwa kina msichana, achinjwe hapo uani, damu iguse udongo wa kwao, kisha pande zote mbili zile nyama pamoja. Kabla ya hapo msichana ni wa kwao, na mtoto akizaliwa ni wa kwao. Baada ya hapo ndiyo basi, ameenda.

Mzee Nzomo alitoka Nuu na wenzake na kijana wake Mulei, huyo mkwe wangu, wakimvuta mbuzi kwa miguu kwenye jua hili lisilomjua mtu. Walipofika pale mto ulipokauka, mbuzi akapiga magoti, akafa. Wakaja kwangu wamembeba begani, ngozi na pembe tu. Kibudu! Nani ale kibudu siku ya ntheo? Mutie, ndugu wa marehemu mume wangu, ndiye anayesimama kama baba wa Mutindi, na alikuwa ameshaonja pombe. Akaanza: "Mmetuletea maiti! Mnaoa binti yetu kwa maiti!" Mulei akamkaba shati. Nilirukia katikati yao na mwiko mkononi.

Mzee Ndolo, mkubwa wa wazee wa hapa kwetu, akasema tuahirishe mpaka mvua. Nikasema haiwezekani. Tumbo la Mutindi limeanza kuonekana, na tumbo halingoji mvua. Ndipo nikasema, nina nyama ndani.

Mimi ni Msabato. Mwaka jana kwenye makambi ya kanisa kule Mbooni, mke wa mchungaji alitufundisha kutoa nyama kwenye unga wa ngano. Unakanda unga uwe mgumu, unauacha upumzike, halafu unauosha kwenye beseni, unakamua, unabadilisha maji, unakamua tena. Maji yanatoka meupe kama maziwa. Yakianza kutoka safi, kinachobaki mkononi ni kitu cha kuvutika, ukikivuta kinarudi. Unakikata vipande, unachemsha na kitunguu na chumvi, unakaanga. Kanisa lilipotugawia unga wa msaada, wenzangu walipika chapati. Mimi nikafanya nyama. Na yale maji meupe simwagi, napikia uji, maana mwaka huu kumwaga maji ni dhambi.

Wazee walikula. Walikula wakalamba vidole! Mzee Nzomo, ambaye meno yamebaki ya kuhesabia, alisema hajawahi kula mbuzi mlaini namna hiyo. Nikasimama mbele yao na kiburi changu chote cha mpishi, nikasema, "Nyama ni nyama, wazee wangu. Tofauti ni kwamba hii haikulia." Wakacheka sana.

Mzee Ndolo ndiye hakucheka. Alipangusa mikono, akasema, "Tumekula kwa sababu ya njaa. Nzomo, mvua ikinyesha utaleta mbuzi hapa, achinjwe." Nzomo akasema, "Nitaleta." Tulisikia sote.

Jumatatu, 3 Septemba

Mutindi amekwenda na Mulei, wanakaa Mwingi mjini ambako Mulei ananunua na kuuza mifugo. Nyumba imekuwa kubwa.

Jumatano, 12 Septemba

Nimepigana. Mtu wa umri wangu!

Tulikuwa kwenye visima vya mchangani, tumepanga foleni tangu asubuhi, kila mtu anachota kikombe kwa kikombe. Syokau, jirani yangu, akasema kwa sauti ili nisikie, "Huyu ndiye anaosha unga kwa beseni tatu wakati ng'ombe wetu wanakufa kiu. Na binti yake ameolewa kwa chapati." Wanawake wakacheka. Nikamwambia arudie. Akarudia: "Bibi wa chapati." Nilimpiga na mtungi. Mtungi ulipasuka, kichwa chake hakikupasuka, Wakamba tuna vichwa. Akanivuta nywele tukaanguka kisimani wote wawili, mchanga ukaporomoka ndani, kazi ya asubuhi nzima ikafukiwa. Hapo wenzetu ndio waliotupiga sisi wote, tena bila ubaguzi.

Nimerudi bila maji na bila mtungi. Mbuzi wa Nzomo angekuwa amechinjwa, nani angefungua mdomo?

Jumamosi, 15 Septemba

Baada ya ibada nilipakua nyama ya ngano kwa washiriki. Mchungaji aliniuliza mbele ya watu kama kweli inashibisha. Nikasema, "Ni nyama kamili. Anayebisha arudishe sahani." Hakuna aliyerudisha.

Jumapili, 23 Septemba

Mbuzi hajaja.

Jumatatu, 24 Septemba

Nimeenda Mwingi kuwaona. Mulei alinipokea vizuri, "Karibu mwaitu," kama mama yake wa kumzaa, akaninunulia sukari na majani ya chai. Kijana mrefu, mabega haya! Pale kwenye uwanja wa mifugo mtu mmoja alisema Mulei amempunja kwa ng'ombe aliyekonda. Mulei alichukua fimbo akamchapa yule mtu mgongoni, akamchapa tena alipoanguka, akaendelea mpaka watu wakamshika. Kisha akarudi kwangu akicheka, akaniuliza kama nimeshakunywa chai.

Nilifurahi, nitasema ukweli. Nilijiambia, wakati wa njaa mwanamke anahitaji mwanamume wa namna hii mlangoni. Mutindi alikuwa kimya, akaniambia ni joto.

Nilipitia dukani kwa Bi Esha kununua kitunguu. Huyu ni Mwislamu, babu zake walitoka pwani, na kwa utani hana mfano. Ameshasikia habari za ntheo, mji mzima umesikia. Akaniuliza, "Mama Mutindi, hiyo nyama yako, aliyeipigia bismillahi ni nani? Kwetu kisichochinjwa si nyama." Nikamwambia kwetu kinachoshibisha ni nyama. Akasema, "Haya, mpishi, umeshinda," akaniongezea kitunguu kimoja.

Jumatatu, 1 Oktoba

Mutindi alikuja amefunga kitambaa mpaka kidevuni. Jino la mbele halipo. Anasema aliteleza bafuni. Bafu gani Mwingi mwaka huu lina maji ya kumtelezesha mtu? Nilimuuliza mara moja tu, akaangalia pembeni. Nikamwambia ndoa changa ina mambo yake, avumilie. Amerudi kwa mumewe kabla ya jua kuzama.

Jumatano, 3 Oktoba

Nalifikiria lile jino.

Jumanne, 9 Oktoba

Mbuzi hajaja. Fisi wameingia kwa Syokau wakala ndama aliyebaki, wakaacha kichwa na mguu mmoja. Nilisikia kilio, nikaenda na panga, lakini walikuwa wameshamaliza. Syokau alikuwa amekaa chini amekumbatia ule mguu. Tulikuwa hatujasemezana tangu kisimani. Nilikaa naye. Baadaye nikamletea uji wa maji meupe, akanywa, akasema, "Hii ndiyo maji ulikuwa unaosha?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kumbe hukuwa unamwaga." Tumepatana.

Jumapili, 14 Oktoba

Mutie alikuja amelewa, anataka twende Nuu tukadai mbuzi. Nilimwambia akalale. Huyu shemeji yangu, ndugu yake alikuwa mwanamume, yeye Mungu alimpa mdomo tu na koo la kupitishia pombe. Mbuzi hajaja, na sijui kwa nini leo sikukasirika sana.

Ijumaa, 19 Oktoba

Bi Esha amekuja kwangu mwenyewe, kutoka mjini, amepanda nyuma ya lori la mchanga. Mtu wa umri wake! Nilijua kabla hajafungua mdomo.

Alisema, "Mama Mutindi, mimi si mtu wa kubeba maneno. Lakini jana nimeona kwa macho yangu." Mulei alimburuta Mutindi kwa nywele kutoka chumbani mpaka barabarani mbele ya maduka. Kosa lake ni kwamba chakula kilikuwa hakina nyama. Akampiga mateke. Mateke, na lile tumbo! Huku akimwambia, "Mama yako alinilisha unga, na wewe unanilisha unga!" Watu walitazama. Bi Esha alitoka na maji ya moto ya chai akamwambia akirusha mguu tena atamwagiwa usoni. Ndipo akaacha.

Nilichukua panga. Bi Esha aliketi mlangoni, akasema nitapita juu yake. Ni mwanamke mnene. Nimelia mpaka nimetapika. Nilimwambia avumilie. Mimi! Mdomo huu huu.

Jumapili, 21 Oktoba

Tumeenda kumchukua, mimi na Mutie. Nilimtaka awe hajalewa na kweli hakuwa amelewa, mikono ilimtetemeka njia nzima.

Mulei alikuwa mlangoni. Hakuniita mwaitu. Mutie alianza vizuri, "Kijana wangu, tumekuja kwa amani." Hakumaliza. Mulei alimpiga ngumi ya mdomo, akamkalia kifuani, akaendelea kumpiga usoni, na ule uso ukawa mwekundu wote. Nilimrukia mgongoni nikamuuma sikio. Nililisikia sikio kati ya meno. Akanitupa ukutani. Mutindi alisimama ndani gizani ameshika tumbo kwa mikono miwili, jicho moja limefumba kabisa. Nikamwambia, "Twende mwanangu." Akatikisa kichwa. Akasema polepole, "Mama, nikitoka atawaua."

Mulei alipangusa sikio, akaniambia maneno haya, nayaandika yalivyo: "Wewe mama, wacha kelele. Hii bibi ni yangu. Mlikula ntheo mkashiba. Si ni wewe ulisema nyama ni nyama?"

Tulikwenda kwa chifu. Chifu aliangalia uso wa Mutie, akauliza, "Ntheo ililiwa?" Tukanyamaza. Akasema hayo ni mambo ya nyumbani.

Jumatatu, 22 Oktoba

Mutie hawezi kutafuna. Nimempikia uji. Anasema, "Shemeji, unisamehe, nilianguka haraka."

Alhamisi, 25 Oktoba

Nimewaza siku nzima juu ya maneno ya Bi Esha. Kisichochinjwa si nyama. Ntheo ni damu uani, na uani kwangu hakuna damu iliyomwagika. Mzee Ndolo alisema mvua ikinyesha mbuzi aletwe, na mbuzi hajaja. Basi Mutindi bado ni wangu. Na tumbo ni letu.

Mimi niliyekuwa nikilia mbuzi aje, sasa namwomba Mungu asije.

Jumapili, 28 Oktoba

Mvua.

Imekuja saa ya chakula cha mchana, na upepo na vumbi kwanza, halafu matone makubwa, halafu yote. Watu wametoka nje. Syokau anacheza kwenye matope, wazee wamevua kofia. Watoto wanakinga midomo. Mwaka mzima tumefunga na kuomba kwa ajili ya siku hii, nami nimesimama mlangoni nikisema, ngoja kidogo Bwana, ngoja kidogo tu. Mvua imenyesha. Nzomo hana tena sababu ya kutoleta mbuzi.

Ijumaa, 2 Novemba

Amekuja. Mutindi amekuja mwenyewe kwa miguu kwenye mvua, kutoka Mwingi, bila viatu.

Syokau ndiye aliyemwona amekaa kando ya mto, maji yamejaa, hawezi kuvuka. Alivua nguo akaingia, akamvusha mgongoni. Syokau niliyempiga na mtungi! Wakaja, Mutindi amening'inia shingoni kwake, mkono wa kushoto umevunjika juu ya kiwiko, umeelekea kusiko. Leso aliyojifunga kiunoni ilikuwa imelowa, nikadhani ni maji ya mvua, nikaikamua, maji yakatoka mekundu.

Tulimpeleka dispensari kwa punda. Mganga amefunga mkono kwa vijiti. Amesikiliza tumbo kwa muda mrefu mpaka nikataka kumpiga aseme. Akasema moyo wa mtoto unadunda. Damu ni ya majeraha ya mapaja. Mulei alimpiga kwa ule mnyororo wa kufungia ng'ombe.

Nimefua leso. Hapana, sikufua. Nilitaka kufua nikaacha. Nimeikunja nikaiweka sandukuni jinsi ilivyo.

Jumatatu, 5 Novemba

Mzee Nzomo ametuma mtu. Anakuja Alhamisi na wazee wake kumchukua mke wao. Mutindi aliposikia alijikojolea, mtu mzima. Nilimbadilisha nguo.

Jumatano, 7 Novemba

Unga wa msaada umebaki wa sufuria moja. Nilitaka kumpikia Mutindi chapati. Nimeuweka.

Ijumaa, 9 Novemba

Mkono umevimba lakini nitaandika yote ya jana.

Walikuja asubuhi, mvua imeacha. Wazee wao upande wa lango, wetu upande wa nyumba, Mzee Ndolo katikati. Mulei alisimama nyuma ya baba yake, sikio limefungwa pamba. Nilitazama nje ya ua nikaona mbuzi. Beberu mweusi, amenona, amefungwa kwenye nguzo ya lango kwa nje. Walikuwa wamejipanga. Wakishindwa kwa maneno, wana mbuzi.

Mzee Nzomo alisema kwa upole. "Sisi hatukuja kugombana. Mke wetu arudi. Ntheo tulileta, ikaliwa hapa, wote tukashiba. Kama kuna makosa ya kijana, tutamwonya kwetu."

Mzee Ndolo alimgeukia Mutie. Wanawake hatusemi kwenye kikao kama hicho, ni Mutie aliyepaswa kujibu. Alisimama, uso bado una makovu, na hakuwa amelewa. Alisema neno moja tu: "Aliyepika ndiye aseme." Akakaa.

Wazee wa Nuu wakanung'unika. Mzee Ndolo akafikiri kidogo, kisha akaniambia, "Mama Mutindi, siku ile ulisema nini?"

"Nilisema nyama ni nyama."

"Na leo unasema nini?"

Mungu anajua ilivyonichoma. Wanawake wa kanisani walikuwa wamejaa nje ya ua, wote wamekula kwangu. Msimu mzima nimepigana na watu ili waiite nyama. Nikasema, "Leo nasema si nyama. Siku ile nilijisifu."

Mulei alicheka kwa sauti. "Sasa amegeuza maneno!"

"Sigeuzi maneno," nikasema. "Ngojeni muone."

Nilileta beseni na lile donge la unga niliokanda alfajiri. Nikaliweka mbele ya Mzee Nzomo, nikachuchumaa, nikaanza kuosha. Nilikamua. Maji yakawa meupe. Nikamwambia, "Mzee, weka mkono." Alisita, kisha akaingiza mkono wake mzee ndani ya beseni, akakamua pamoja nami. Nikasema, "Tafuta damu."

Akatafuta, kweli alitafuta. Akasema, "Hakuna."

Nikasimama na beseni nikaenda mpaka mahali ambapo mbuzi wa ntheo huchinjiwa, nikamwaga. Maji meupe yakasambaa kwenye matope. Nikasema, "Wazee, hii ndiyo ntheo mliyoleta. Oneni damu yake. Kama binti anaolewa kwa maji haya, basi kila mama anayekanda chapati ameshaozesha."

Mtu akacheka nje ya ua.

Kisha nikaingia ndani nikatoa leso sandukuni. Imekauka, imekuwa ngumu. Niliitandaza chini, karibu na yale maji meupe. Nikasema, "Kama mnatafuta damu ya ndoa hii, iliyomwagika ni hii. Na si ya mbuzi."

Mzee Nzomo aliangalia leso. Akamuuliza mwanawe bila kugeuka, "Ni wewe?"

Mulei alikimbilia langoni. Alikata kamba, akamshika beberu pembe akamvuta ndani, kisu mkononi, anapiga kelele: "Si mnataka damu? Damu hii hapa! Nachinja hapa hapa, na bibi ni wangu!" Kila mtu pale alielewa. Damu ya mbuzi yule ikigusa udongo wa uani, mikononi mwa mwoaji, wazee wote wakishuhudia, hakuna ulimi wa kuirudisha. Maji yakimwagika hayazoleki, sembuse damu. Mutindi alipiga ukemi ndani ya nyumba.

Wazee wa umri ule hawana mbio. Aliyefika kwanza ni Mutie. Mutie! Mulei alikuwa ameshainua kidevu cha mbuzi, kisu kiko shingoni, na Mutie hakushika mkono wala mpini. Alishika makali. Aliyafumbata kwa mkono mzima akakaza. Mulei alivuta, akavuta tena, nilisikia kisu kikikwaruza mfupa, na Mutie hakuachia, macho ameyatoa, anasema tu, "Si hapa. Si hapa." Damu ikamtiririka mpaka kiwikoni.

Mimi nilikuwa na beseni. Nilimpiga nalo Mulei kisogoni kwa nguvu zote za kuchota maji mwaka mzima. Likabonyea. Akageuka, akanipiga ngumi ya mkono hapa ulipovimba, nami nikampiga tena usoni, pua ikapasuka. Kisha Syokau akaingia na mchi. Wazee nao wakafika na fimbo zao, wa kwetu na wa kwao, wakampiga mpaka akaanguka kwenye matope, na nilimpiga hata alipokuwa chini, mpaka Mzee Ndolo aliponishika mikono na kusema, "Inatosha, mama. Inatosha. Utakuwa kama yeye." Nikaacha. Sikutaka kuacha.

Mbuzi alikuwa amesimama pembeni bila hata mkwaruzo, anakunywa yale maji meupe.

Mzee Ndolo alihakikisha kwanza. Aliinama na miwani yake akakagua shingo ya mbuzi, manyoya kwa manyoya, na udongo chini yake. Kisha akasema, "Damu iliyomwagika hapa ni ya watu. Ya mbuzi haipo. Hapakuwa na ntheo wakati wa kiangazi na leo hakuna. Msichana ni wa hapa, na tumbo ni la hapa."

Mzee Nzomo ndiye aliyeinuka, akafunga kamba upya. Hakumwangalia mwanawe. Alimtoa mbuzi nje kwa uangalifu, akizunguka mbali na ile leso. Alipofika langoni alinigeukia akasema, "Mama, ilikuwa tamu lakini." Na machozi yakamtoka mzee wa watu. Nilikuwa nimemchukia tangu Septemba. Nimeshindwa kuendelea.

Jumatatu, 12 Novemba

Polisi wamemtafuta Mulei baada ya dispensari kuandika juu ya mkono wa Mutindi. Wanasema alipanda lori la Garissa. Nimelala na panga karibu hata hivyo.

Jumamosi, 17 Novemba

Mvua. Kunde zimeota. Mchungaji amehubiri juu ya kugeuza shavu la pili. Syokau, ambaye si Msabato, alinisindikiza leo, akaniuliza kwa sauti kama mchungaji anazungumza nami.

Jumapili, 25 Novemba

Vidole viwili vya Mutie havitakunjika tena. Anashika kikombe kwa mikono miwili. Bado anakunywa, jana alilala chini ya ghala na mvua ikamnyeshea. Nilimfunika gunia, nikamwekea chakula mahali ambapo kuku hawafiki. Akitaka kunywa na anywe.

Kanisa limeleta unga mwingine. Leo nimeosha donge zima, maji ni mengi sasa, tena beseni limebonyea upande mmoja na linamwaga. Mutindi alikuwa amekaa jikoni, mkono kwenye vijiti, mwingine juu ya tumbo. Mtoto anacheza, anasema anapiga mateke. Alisema neno "mateke" akanyamaza, kisha akasema, "Lakini haya hayaumi."

Akauliza leo tunakula nini. Nikamwambia nyama.

Akanitazama. Pale palipokuwa na jino pakaonekana, akawa anacheka, mara ya kwanza tangu atoke nyumbani kwangu. "Mwaitu, amua basi. Ni nyama au si nyama?"

Nikamwambia, "Kwenye sufuria ni nyama. Kwa wazee si nyama. Kula."